Tusimngoje Mlevi Akubali

Jambo ambalo nimekuja kuliamini kuhusu ulevi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni hili: familia ya mlevi inapaswa kusaidiwa kabla ya mlevi mwenyewe, na isaidiwe hata kama yeye bado anaapa kwamba hana tatizo lolote. Ninayasema haya nikiwa katibu wa kundi dogo la familia za Kadutu, linalokutana Jumapili baada ya misa ya pili katika chumba kimoja cha parokia, na ninajua kwamba wengi hapa mjini wanafikiri kinyume. Kwao kazi ni moja tu, kumfanya mtu aache pombe. Akiacha, nyumba itapona yenyewe. Asipoacha, huo ni msalaba wa mke wake.

Matokeo ya fikra hiyo yanaonekana kwenye kila avenyu, yaani kila mtaa. Mke anaficha, watoto wanaficha, hata bibi aliyemzaa mlevi anaficha. Minervali, yaani ada ya shule, isipolipwa, mtoto anafundishwa kusema shuleni kwamba baba yuko Shabunda kwenye machimbo, ilhali baba yuko nyuma ya shule hiyo hiyo, amelala kwenye benchi ya mwuza kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Nyumba zetu zimebanana na mbao hazizuii sauti, kwa hiyo majirani husikia ugomvi wote wa usiku, na asubuhi wote huulizana habari za usingizi na kujibiana kwamba ni nzuri. Aibu hiyo inamzuia mke asiende kituo cha afya, asimwambie mjomba wa watoto, asiombe hata mkopo mdogo wa kununulia unga, kwa kuwa kila msaada utakaokuja utakuja na maswali.

Sisemi kwamba pombe ni ngeni kwetu. Kasiksi, ile pombe ya ndizi mbivu na unga wa mtama, inateremka kutoka Kabare na Kalehe, inavuka ziwa kutoka Idjwi ndani ya bidoni, yaani madumu, za njano mpaka bandari ya Beach Muhanzi, na ni vigumu kuwapata wazee wa Kishi, yaani wa kabila la Bashi, watakaokubali posa au kilio bila kuiona. Bia ya Primus kwa miaka mingi ilipikwa na kiwanda cha Bralima humu humu mjini. Kilichobadilika ni vile vilivyoongezeka juu ya hivyo: kanyanga, pombe kali inayochemshwa kwenye mapipa bila mtu kujua ina nguvu kiasi gani, pombe kali za chupa ndogo za plastiki ambazo hata mwanafunzi anamudu kuzinunua, vidonge vya tramadoli, dawa ya maumivu, ambavyo vijana wa pikipiki za taksi-moto huvimeza ili wasisikie uchovu, na gundi ya viatu ambayo maibobo, watoto wa mitaani, huivuta ili wasisikie njaa. Tena, tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 na benki zikafunga milango, wanaume wengi waliokuwa na ajira huamka bila pa kwenda, na saa nne ya asubuhi benchi za kasiksi zimekwisha kujaa. Anayedhani, hata hivyo, kwamba ni shida yetu peke yetu, asome takwimu za OMS, Shirika la Afya Duniani: mwaka 2019 pombe ilihusishwa na vifo milioni 2.6 duniani, na watu wapatao milioni 400 walikuwa wakiishi na matatizo ya kiafya yatokanayo na unywaji.

Kundi letu halikuanza kama kundi la kupambana na ulevi. Lilizaliwa ndani ya AVEC ya akina mama, yaani chama cha kuweka akiba na kukopeshana kwa mtindo ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na ambao leo umeenea Kivu nzima. Sanduku la AVEC ni la chuma na lina kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu ili asiwepo mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Mwekahazina aligundua kwamba baadhi ya akina mama, wachuuzi hodari wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, walikuwa wakipitisha wiki nyingi bila kununua hisa, na kwamba wakikopa, mkopo haugeuki kuwa bidhaa. Akamwita mmoja wao pembeni. Yule mama alifungua ncha ya kitenge chake akatoa daftari dogo la shule lililokunjwa mara mbili, nalo lilikuwa daftari la madeni ya mumewe, ambalo mwuza pombe alimkabidhi ili alilipe ukurasa kwa ukurasa. Kila mstari ulikuwa na tarehe, idadi ya vikombe na saini ya mume, na saini hiyo ilizidi kupinda kadiri ukurasa ulivyoshuka.

Hapo ndipo tulipopata kanuni yetu ya kwanza: hakuna mke atakayelipa deni la pombe ambalo hakulikopa yeye, na akitishwa, atakwenda kujibu pamoja na wenzake watatu. Mwuza pombe alikasirika sana na akatutangaza kuwa ni wavunja ndoa. Baada ya muda si mrefu aliacha kumkopesha yule baba, maana mfanyabiashara hakopeshi pasipo na mlipaji, na bila mkopo baba alianza kurudi nyumbani mapema kidogo. Hakuacha kunywa. Lakini pesa ya sambaza ilirudi kwenye sambaza, na watoto wakarudi darasani. Wapo waliotuuliza tumefanikisha nini ikiwa mtu bado analewa. Mimi naona tumefanikisha mengi.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili limewahi kupimwa kwa utaratibu. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha New Mexico huko Marekani, wakiwemo William Miller na Robert Meyers, walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha jamaa 130 wa walevi waliokuwa wamekataa kabisa kutibiwa. Jamaa hao waligawanywa katika mafungu matatu. Waliofundishwa jinsi ya kubadili mwenendo wao wenyewe nyumbani, yaani namna ya kuzungumza, wakati wa kuzungumza, nini cha kuacha kumfunika mlevi na nini cha kumpongeza, walifaulu kuwaingiza walevi wao kwenye matibabu katika asilimia 64 ya familia. Waliofundishwa ile njia ya kumkusanyia mtu ukoo mzima na kumkabili kwa pamoja walifikia asilimia 30. Waliohimizwa kufuata njia ya Al-Anon, ile jumuiya ya jamaa za walevi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1951, walifikia asilimia 13, ingawa haki inadai niseme kwamba Al-Anon inalenga kumtuliza jamaa mwenyewe wala haikuundwa kwa kusudi la kumpeleka mnywaji hospitalini. Asilimia hiyo 30 iliniacha nikifikiri, kwa kuwa baraza la ukoo ndiyo dawa yetu ya kwanza hapa: wajomba wanaitwa kutoka Walungu, kila mmoja anatoa lawama yake, mlevi anaangalia chini, anaahidi, kisha mkutano unafungwa kwa kasiksi.

Tunayowafundisha wanakundi ni mambo madogo. Mke asizungumzie pombe usiku, mtu akiwa amelewa, bali asubuhi anapokunywa chai, tena kwa maneno machache yanayohusu jambo moja, kwa mfano sare ya mtoto. Asimpigie mwajiri simu kudanganya kwamba mume ana malaria. Jioni ambayo mume amerudi akiwa mzima, chakula kiwe moto na watoto wakae naye, na jioni aliyolewa, asiamshwe mtu kwa ajili yake. Tuna kijana wa taksi-moto ambaye mwenye pikipiki amekubali, kwa ombi la kijana mwenyewe, kumkata sehemu ya pesa ya siku na kuikabidhi kwa mkewe kabla hajapita kwenye kona ya vibanda vya pombe. Hakuna anayeambiwa avumilie kipigo. Palipo na ngumi, mama na watoto huondoka usiku huo huo kwenda kwenye nyumba iliyokwisha kupangwa, na mazungumzo ya asubuhi yanasubiri mpaka usalama upatikane. Juu ya hilo hatujadiliani, hata na wachungaji wanaotukumbusha viapo vya ndoa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa lisomwe na kila familia ya Bukavu, hata kama hayo mengine yote yatapitwa haraka. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi hapaswi kufungiwa chumbani ili aache kwa nguvu. Familia nyingi hufanya hivyo kwa upendo: wanamnyang'anya viatu na simu, wanafunga mlango, wanaanza mfungo na maombi. Mwili uliozoea pombe ukiikosa ghafla unaanza kutetemeka ndani ya saa chache. Jasho linatoka, tumbo linakataa chakula, usingizi unapotea. Wengi huishia hapo, na baada ya siku kadhaa wanapata nafuu. Lakini wapo ambao ndani ya siku mbili za kwanza wanapatwa na degedege, na wapo ambao kati ya siku ya pili na ya nne wanachanganyikiwa kabisa: homa inapanda, moyo unakwenda mbio, mtu hajui yuko wapi, anaona wadudu wakipanda ukutani au anazungumza na watu ambao hawapo. Hali hiyo inaweza kuua.

Fikirini jinsi inavyoonekana na familia ambayo haijaambiwa. Imemfungia mtu ili Mungu amfungue, na siku ya tatu anapiga kelele kwamba kuna nyoka kitandani. Nani hatasema kwamba ni mapepo yanatoka, au kwamba kuna mtu wa ukoo aliyemroga? Kwa hiyo badala ya kupelekwa hospitali, mtu anapelekwa kwenye chumba cha maombi, anafungwa kamba asijiumize, ananyimwa maji kwa sababu ya mfungo, na akifa inasemekana kwamba pepo alikuwa mkali. Sina ugomvi na maombi, mimi mwenyewe husali rozari na wagonjwa wetu. Ninachokiomba kwa viongozi wa vyumba vya maombi, na wawili wa mtaani kwetu wamekubali, ni kwamba mtu anayetetemeka, aliyeanguka degedege au anayeona vitu apelekwe kwanza kwa muuguzi, na maombi yamfuate huko huko.

Kinachofanyika huko si muujiza wala si siri. Mwongozo wa OMS unaoitwa mhGAP, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2010, uliandikwa mahususi kwa ajili ya wahudumu ambao si mabingwa wa magonjwa ya akili, na unaeleza jinsi ya kumshusha mtu polepole kwa kutumia diazepamu, dawa ya kutuliza, chini ya uangalizi, kumpa maji ya kutosha na kumpa vitamini B1, ambayo walevi wa muda mrefu huipungukiwa kiasi cha kuharibika ubongo. Narudia: chini ya uangalizi. Diazepamu hiyo hiyo inauzwa kiholela katika vibanda vya dawa sokoni, vijana huimeza pamoja na kanyanga, na mchanganyiko huo unaweza kumzima mtu pumzi akiwa usingizini.

Aliyezidiwa tunampeleka SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili kinachoendeshwa na Mafrere wa Charité, shirika la kitawa lililoanzishwa na padri Petrus Jozef Triest mjini Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807. Ni hao hao wenye Tulizo Letu kule Goma na kituo cha Dokta Joseph Guislain kule Lubumbashi. Tatizo la kwanza ni jina baya ambalo watu wamekipa kituo, kwani mtu akionekana kwenye lango lake, avenyu nzima inatangaza kwamba amekuwa mwendawazimu. Tulijifunza kumsindikiza mgonjwa tukiwa wengi, mchana kweupe, na wanaume waliowahi kutibiwa huko wakiwa mbele, ili anayetaka kucheka awacheke wote. Tatizo la pili ni pesa. Mfuko wa mshikamano wa AVEC, ule unaochangiwa kidogo kidogo kwa ajili ya vilio na magonjwa, sasa unatambua ulevi kuwa ni ugonjwa, na kulifikisha hilo kwenye kanuni zetu kulichukua mabishano marefu kuliko jambo lolote nililowahi kuliandikia kumbukumbu. Mama mmoja mjane alisimama akauliza kwa nini mchango wake umtibu mtu aliyejitakia. Hakujibiwa vizuri siku hiyo, na nadhani swali lake lilistahili heshima kuliko tulivyolipa. Alikubali baadaye, kwa sharti kwamba familia ya mgonjwa irudishe nusu.

Mtu akirudi kutoka matibabuni, avenyu humtazama kwa macho ya kumngoja aanguke. Na kweli wengi huanguka. Taasisi ya Marekani inayotafiti matumizi ya dawa za kulevya, NIDA, inakadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya waliotibiwa uraibu hurudia, kiwango kinachokaribiana na cha wagonjwa wa shinikizo la damu na pumu ambao hulegeza masharti ya tiba. Hakuna anayemwita mgonjwa wa pumu mnafiki kwa sababu amebanwa tena. Kwetu saa za hatari ni zile za kutoka kazini hadi giza linapoingia, kwa hiyo wanaume wawili hupokezana kumpitia mwenzao sokoni na kupanda naye kwa njia isiyopita kwenye vibanda. Wanazungumza mpira, siasa, bei ya makala ya kupikia, pombe haitajwi. Kwa waliokuwa wakimeza tramadoli kuna onyo la ziada ambalo tunaiambia familia wazi: aliyekaa wiki kadhaa bila vidonge, akirudia kipimo chake cha zamani, mwili haukihimili tena na anaweza kufa.

Kuhusu kinga, sitasema mengi juu ya semina na mabango, kwa kuwa sijaona yakimzuia mtoto yeyote. Nimeona kitu kingine. Karibu kila mlevi kijana niliyezungumza naye alionja kasiksi kwa mara ya kwanza akiwa ametumwa. Baba anampa mtoto bidoni ya lita tano akaijaze. Njiani mtoto anainamisha mdomo wa bidoni na kuvuta, kwanza kwa mchezo, kisha kwa mazoea, na anapofika nyumbani anaongeza maji ili kipimo kirudi. Sasa familia zetu zimeapa kwamba hakuna mtoto atakayetumwa pombe, na sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto, ambayo inamhesabu kuwa mtoto kila asiyetimiza miaka 18, imetusaidia kuwaeleza wauzaji kwamba hatusemi kwa ushamba. Iceland, kisiwa cha baridi ambacho hakifanani na mtaa wetu wa Cimpunda kwa lolote, walifanya jambo la aina hiyo kwa ukubwa: wazazi waliwekeana mikataba wao kwa wao, saa za watoto kuwa nje usiku zikawekewa mpaka, na serikali ikalipia michezo na muziki baada ya masomo. Mwaka 1998 vijana wao wa miaka 15 na 16 waliokuwa wamelewa katika siku 30 zilizotangulia walikuwa asilimia 42. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Pesa za michezo hatuna. Mikataba ya wazazi haigharimu faranga hata moja.

Kwenye vilio tumekwenda polepole zaidi, na nafikiri ndivyo inavyofaa. Hatukuwaambia wazee waondoe kasiksi. Tuliomba kikombe chao kibaki, na kwamba waombolezaji wengine wapewe mutobe, maji ya ndizi yasiyochachuka, pamoja na chai, kisha pesa itakayobaki apewe mjane mbele ya watu. Familia tatu zimefanya hivyo. Katika moja, baba mkubwa wa marehemu aliondoka kwa hasira kabla ya sala ya mwisho, akisema kwamba tumemzika mdogo wake kama mtu asiye na kwao, na hadi leo hajarudi kuwasalimu wale watoto.

Jumapili ijayo tuna kura ngumu. Mama anayeuza kasiksi, yule yule aliyekopesha kwa daftari la madeni, ameomba kuingia katika kundi kwa sababu kijana wake wa mwisho hatoki tena kitandani bila kanyanga, na mama haijui nyumba nyingine ya kubisha hodi. Nusu ya wanakundi hawataki hata kumsikia, wengine wanataka kwanza afunge kibanda, na hakuna aliyeweza kueleza atawalisha nini wajukuu wanne anaowalea. Mimi nitapiga kura aingie, kwa masharti mawili: asimuuzie mtoto, na asimkopeshe mtu yeyote. Nimekwisha kumweleza masharti hayo, na la pili amelikataa.